Upepo Ulikuwepo

Usiku wa pili wa matanga nilisema maneno ambayo hadi leo yakinijia niko njiani, nasimama kwanza. Tulikuwa wazamiaji wanne, tumejitenga nyuma ya hema, karibu na masufuria ya pilau, pale Walukuba, Jinja. Ndani kina mama walikuwa wanasoma Yasini. Mimi nikasema, "Alishika pumzi, basi. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza."

Kulikuwa na mtu amekuja kujaza birika la udhu kwenye pipa nyuma yangu. Sikumwona. Alikuwa baba wa marehemu.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa na miaka mitatu tangu nitoke Mombasa, nilikojifunza kuzamia kwa kuwasindikiza watalii, na huku Jinja nimepata kazi kwenye vizimba vya ngege. Kizimba ni wavu mkubwa unaoning'inia ziwani kwa maboya, samaki wamefungiwa ndani. Kazi yetu ilikuwa kushuka, kupapasa wavu kutafuta matundu, kuokota samaki waliokufa na kukaza kamba za nanga. Nasema kupapasa kwa sababu Ziwa Victoria si Diani. Kule unamwona mwenzako akiwa mbali na bado unajua anacheka. Huku, jua la saa sita likiwaka, ukinyoosha mkono vidole vinapotelea kwenye maji ya kijani.

Siku ile tulishuka wawili, mimi na marehemu. Jina lake ni mali ya watu wake, sitaliandika. Nanga ilikuwa mita 14. Mita yangu ya upepo ilipogusa 50 nikamgonga bega mara mbili, yaani tupande. Mtungi huanza na 200 na hiyo 50 ni akiba ya kupandia. Akanibana kifundo cha mkono: fundo moja la kamba limebaki. Nikapanda peke yangu. Wazamiaji wawili hawaachani, hilo kila mmoja wetu alifundishwa, lakini sisi tulikuwa tumezoea kuachana kiasi kwamba hata sikuwaza.

Hazikupita dakika tano. Akaibuka umbali wa kutupa jiwe, reguleta ya kupumulia imemtoka mdomoni, povu jekundu puani. Oksijeni haikuwepo kwenye mashua. Hospitali hakuifika akiwa hai.

Sasa, nilichosema nyuma ya hema hakikuwa uongo, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye. Chini ya maji unavuta hewa iliyobanwa. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo pafu lililojazwa kwenye mita 14 kisha likafungwa litataka kutanuka mara mbili na nusu kabla halijafika juu. Pafu halina nafasi hiyo. Linachanika, viputo vinaingia kwenye damu na kupanda hadi ubongoni. Ndiyo maana somo la kwanza la kuzamia ni kwamba usishike pumzi, hata ukipanda mita mbili tu. Mwenzetu mwingine akaleta habari ya majedwali ya kuzamia, yale ya kukuambia ukae chini muda gani, kwamba yametungwa kwa usawa wa bahari na ziwa likiwa zaidi ya mita 300 juu ya usawa huo lazima uyasahihishe. Kweli tupu, ila marehemu hakukaa chini muda wa kutosha hilo kumdhuru. Tulikuwa tunaongea kama watu wanaosahihisha mtihani wa mtu mwingine.

Ndani ya hema nako kulikuwa na maneno yao: siku yake ilifika, hakuna aijuaye saa yake. Niliwaona ni watu wa kufunika mambo. Sikuona kwamba na sisi tulikuwa tumeshika kifuniko chetu. Ukishasema "alikosea", umeshajitoa. Mimi sikosei hivyo, kwa hiyo mimi sifi hivyo. Nilikuwa nimeufanya mchezo huo mwaka mmoja nyuma, Novemba 2018, mashua ya starehe ilipozama karibu na ufuko wa Mutima, Mukono, na kuua zaidi ya watu 30. Miili bado inatafutwa, mimi niko kwa muuza chapati natoa hukumu: walijazana, majaketi hawakuvaa. Nilinunua na chapati ya pili.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mzee akaniita kando. Alikuwa Mnubi aliyezaliwa Bombo, fundi wa malori tangu ujana wake, vidole vyake vimeingia grisi isiyotoka tena.

"Jana usiku nimesikia mkizungumza," akasema. "Endelea. Niambie mimi."

"Baba, ni kazi ya Mungu."

"La Mungu shehe ameshaniambia. Wewe niambie la kazi yenu."

Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya chini, nikilainisha kila neno mpaka likawa halina maana. Akanikatiza.

"Mlipomtoa, mtungi ulikuwa na upepo kiasi gani?"

"Sabini, mzee."

"Kati ya ngapi?"

"Mia mbili."

"Kwa hiyo upepo ulikuwepo."

"Ulikuwepo."

Akakaa kimya kidogo. "Mtu mwenye upepo hapandi mbio. Alikuwa anakimbia nini?"

Wazamiaji wanne tulikuwa tumekesha, na swali hilo halikutujia. Au niseme ukweli: mimi lilinijia, nikalipita.

Akataka kuona vifaa. Polisi walikuwa wamechukua maelezo yetu na kuturudishia mfuko, nikauleta. Mtungi hakuugusa. Akaichukua reguleta, kile kipande cha mdomoni, akakigeuzageuza, akakizungusha kifuniko cha mbele kikafunguka kama kifuniko cha chupa ya asali. Ndani kuna duara la raba nyembamba. Akalitoa, akaliinua juani. Pembeni palikuwa na ufa, mrefu kama ukucha.

"Hii ni daiframu," akasema. "Breki za lori zinayo. Ikichanika, upepo unavuja na lori halisimami. Huku kwenu inafanya nini?"

"Inazuia maji."

"Ikichanika?"

"Ukivuta pumzi, unavuta na maji."

"Na mtu akipaliwa huko chini?"

"Koo linajifunga lenyewe, baba. Hata akitaka kupumua halifunguki."

"Na yeye anapanda."

"Anapanda."

Akaishusha ile raba taratibu, akaiweka kwenye kiganja. "Jana ulisema alishika pumzi."

Sikujibu. Uwanjani mtoto alikuwa anakimbiza kuku, mtu akamkemea kwamba huu si wakati. Nikamwambia mzee kile ambacho sikuwaambia polisi wala wenzangu. Reguleta ile niliitumia mimi Jumanne iliyotangulia. Kila nilipoinamisha kichwa iliniletea maji kidogo, nikakohoa, nikamaliza kazi. Jioni nikamkabidhi marehemu, nikamwambia kwa mzaha kwamba ina kikohozi, aizoee. Akacheka. Akaizoea siku mbili.

Nilitegemea kofi. Nadhani nililitaka, lingemaliza mambo. Mzee alirudisha raba mahali pake, akafunga kifuniko, akajaribu kama kimekaza.

"Mnazo ngapi hizi?"

"Zimebaki nne, mzee."

"Duwa ikiisha, nizione zote."

Nikazileta siku hiyo hiyo alasiri, kwenye gunia, juu ya boda. Mzee alikuwa ametandika mkeka chini ya mwembe, amevaa miwani, bisibisi ndogo iko pembeni. Watu wa hema walitutazama vibaya. Inaonekana kama tunatengeneza redio msibani. Akafungua ya kwanza, nzima. Ya pili nzima. Ya tatu aliishika muda mrefu, akaivuta raba kwa kidole gumba, kisha akaitenga upande wake bila kusema kitu.

Mama wa marehemu akatoka na sinia la chai ya mkandaa. Akaviangalia vile vyuma mkekani, akaniangalia mimi, akauliza tunafanya nini.

Mzee hakuinua kichwa. "Kaa, Mama. Huyu atakueleza, na uanze kumsikiliza kuanzia Jumanne."

Nikasogea, nikampisha kwenye mkeka.