Bangkok Bila Mzigo

Enzi zangu za kufuata mzigo Thailand, Bangkok kwangu ilikuwa Pratunam tu, mtaa wa soko la nguo za jumla. Chumba cha bei poa kwenye uchochoro chini ya Baiyoke, mnara wa mita 304 ambao sikuwahi hata kuulizia kiingilio chake. Asubuhi sokoni, mchana jengo la maduka la Platinum, jioni ofisi ya kago, usiku hesabu za kilo, maana bluzi yenye vifungo vya chuma inapendeza dukani lakini ikipanda ndege inakula faida yote. Baadaye wenzangu wengi wa Kariakoo wakahamia Guangzhou, wengine Uturuki. Mimi nikafunga duka, nikapumzika.

Mwaka 2019 binti yangu, ambaye tayari alikuwa na kazi yake na mshahara wake, akanikatia tiketi. "Mama, tunakwenda kutalii. Mzigo hakuna." Nikamwambia asijali, nitamtembeza mimi, mji ule naujua.

Asubuhi ya kwanza akataka kuiona nyumba ya Jim Thompson. Nikamuuliza iko wapi. Akanigeuzia simu: panda boti gati la Pratunam, shuka kituo kinachofuata. Gati lenyewe nilikuwa nikilipita kila siku na mifuko yangu begani, nikijua ni usafiri wa wenyeji.

Mfereji wa Saen Saep ulichimbwa miaka ya 1830 kupeleka askari vitani. Siku hizi unapeleka watu kazini, na kwa haraka ile ile. Boti ni ndefu na nyembamba, inakuja kwa kishindo, inagusa gati, wewe unaruka. Konda amevaa helmeti, anatembea ukingoni kwa nje, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine unadai nauli, huku maji yanapita chini ya viatu vyake. Ubavuni kuna turubai la plastiki lenye kamba ya kulipandisha, na kazi hiyo ni ya abiria aliyekaa pembeni. Pembeni nilikaa mimi. Boti nyingine ilipokuja mbele yetu, mama wa nyuma akanigonga bega na kunionyesha kamba. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Yale maji meusi yakapiga plastiki, pwaa, hakulowa mtu. Yule mama akanitikisia kichwa kama bosi aliyeridhika na kibarua.

Nyumba ni ya mbao, nzuri, bustani yake ina kivuli. Mwenyewe alikuwa Mmarekani aliyeivumisha hariri ya Thailand duniani, akaenda mapumzikoni Malaysia mwaka 1967, akatoka kutembea na hakuonekana tena. Binti yangu alipiga picha kila dirisha. Mimi nilishaanza kuangalia ng'ambo ya mfereji, kwa sababu muongozaji alisema hariri yenyewe ilifumwa kule, na kwamba wafumaji walikuwa Waislamu.

Tukavuka daraja. Mtaa unaitwa Ban Krua. Wenyeji wake asili yao ni Wacham kutoka upande wa Kambodia. Mababu zao walipigana katika jeshi la Mfalme Rama wa Kwanza wa Thailand, naye akawapa ardhi hapo. Vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe hasa, watu wawili mkipishana mmoja anajibana ukutani. Vyungu vya maua, paka, nguo zimeanikwa juu. Mzee mwenye kofia alikuwa amekaa kizingitini. Nikatoa salamu, "Asalaam aleikum," akaitikia yote mpaka "wabarakatuh," akatuelekeza kwa mkono bila kutuuliza tunatafuta nini.

Ndani ya chumba kimoja mafungu ya uzi uliotiwa rangi yalining'inia, na mfumaji alikuwa kazini: miguu inakanyaga, mkono unavuta kamba, kijiti chenye uzi kinakimbia kulia, kinarudi kushoto. Kitambaa kinaongezeka kwa unene wa uzi mmoja tu kila mara. Miaka yote ile nimenunua nguo kwa dazeni, sikuwahi kusimama kuangalia moja ikizaliwa.

Kwenye meza kulikuwa na mitandio. Nikaushika mmoja, nikavuta pindo, nikaukunja, nikaupandisha na kuushusha kiganjani.

"Mama!"

"Nini?"

"Unapima kilo."

Sikumjibu. Nikauliza bei, muuzaji akaipiga kwenye kalkuleta. Sasa, Pratunam kuna sheria inayojulikana: ukichukua vipande vitatu, unaingia bei ya jumla. Nikainua vidole vitatu, uso mkavu, kama mtu mwenye ndege ya saa moja usiku. Dada wa watu akatabasamu, akazidisha bei ile ile mara tatu, akanigeuzia jibu.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Nikalipa yote mitatu, kwa bei yake.