Boriti za Venice

Babu alikuwa mfanyabiashara wa boriti. Alizinunua delta ya Rufiji, za mkoko na za msindi, akazipakia jahazini mpaka Dar. Baba amekua akizihesabu ufukweni, kori kwa kori, yaani ishirini ishirini, na hadi leo akiingia nyumba ya zamani hutazama dari kwanza ndipo asalimie.

Ndiyo maana nilipopata siku tatu za Venice, Italia, picha za gondola, ile mitumbwi yao myembamba, hazikunishughulisha sana. Nilitaka kuona mji uliosimama juu ya boriti.

Unatoka stesheni ya Santa Lucia na barabara hakuna, ni maji mlangoni. Daladala yao ni boti, gari la wagonjwa ni boti, taka zinazolewa na boti. Gondola ya matembezi ni euro 90 kwa nusu saa. Mimi nilipanda ile ya kuvushia watu, euro 2, kwa sababu Mfereji Mkuu una urefu wa karibu kilomita 4 na madaraja manne tu. Tulivuka wima, tumebanana, nami nikaikumbuka pantoni ya Kigamboni.

Mahali paliponishika moyo ni gati refu la kusini liitwalo Zattere, maana yake vyelezo. Magogo yalikatwa milimani Cadore, yakafungwa vyelezo, yakaelea na mto Piave hadi kwenye wangwa, na hapo ndipo yalipopakuliwa. Nilikaa pale jioni nzima. Badala ya Piave weka Rufiji, na huyo ni babu yangu.

Magogo hayo yalichongwa ncha, yakapigiliwa kwenye tope yakikaribiana, yakitafuta udongo mgumu wa chini. Juu yake mbao, juu ya mbao mawe ya Istria yasiyonyonya maji, ndipo nyumba. Daraja la Rialto, lililokamilika 1591, limekalia nguzo kama 12,000. Ndani ya tope hewa haifiki, kwa hiyo kuoza kwake ni kwa polepole mno. Sisi watu wa pwani tunajua boriti hukaa juu darini, pakavu; sikuwahi kufikiri kwamba kuizika topeni ni kuitunza.

Bahari yao hupanda na kushuka kidogo, haifiki hata nusu ya bamvua letu la zaidi ya mita 3. Lakini mji uko chini sana. Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 juu ya kipimo chao, wakavuka viwanja kwa mabuti. Tangu Oktoba 2020 wanainua malango 78 ya chuma kwenye njia tatu za bahari kuingia wangwani, maji yanabaki nje. Nilivyosikia hivyo niliwaza Jangwani, bonde letu la Dar linalofurika mvua zikizidi.

Usiku nikampigia baba, Mbagala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeziona?"

Nikamweleza kwamba zote ziko chini, hazionekani. Akanyamaza, kisha akauliza nani alizipigilia. Nikamwambia walikuwa wanaume wakivuta kamba pamoja, wananyanyua uzito na kuuachia, na ili waende sawa waliimba.

"Waliimba?"

"Waliimba, baba."

Akaanza ule wimbo wa kupakua boriti. Ubeti wa pili mama akauitikia kutoka uani, na salio langu likaisha wakiwa bado wanaimba.