Kurudi Dar baada ya kujitolea hospitali ya nchi nyingine

Muuguzi au daktari wa Dar anayekwenda kujitolea Malawi, Kongo, Sudan Kusini au Sierra Leone hupewa maelekezo mengi ya kwenda: chanjo, kadi ya homa ya manjano, dawa za kukinga malaria. Ya kurudi mara nyingi ni sentensi moja, tena akibahatika. Inasikitisha, maana ugonjwa uliopatikana wodini kwa kawaida haujajitokeza siku ya kutua Terminal 3 au kushuka basi Mbezi. Hujitokeza baadaye, mtu akiwa amesharudi zamu na hakuna anayekumbuka kumuuliza alikuwa wapi.

Linaloua haraka ni malaria. Ile ya falsiparamu, aina kali zaidi, huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine baadaye zaidi. Watu wa Dar tunajiona tumeizoea, lakini kinga yake hujengwa kwa kuugua mara kwa mara na hupungua ukikaa mahali penye maambukizi machache. Kama ulikuwa unameza doksisaiklini, endelea nayo wiki 4 baada ya kuondoka kule. Dawa hiyo huwakamata vimelea wakishaingia kwenye damu. Waliojificha kwenye ini bado wanakuja. Wengi huiacha wakishafika nyumbani, na hapo ndipo homa inapowakuta.

Homa ikianza, pima siku hiyohiyo. Usipitie duka la dawa kununua mseto, yaani dawa ya malaria, kwa kubahatisha. Kipimo kikisema huna na homa inaendelea, rudia baada ya saa 12 hadi 24. Na kama ulitibiwa malaria kule wiki chache zilizopita, omba kipimo cha darubini, kwa sababu kile cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria ilhali vimelea wameshakufa. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mwanzo, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo dawa haiingii vizuri mwilini. Ukitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe.

Kwa aliyetoka eneo lenye Ebola, Marburg au Lassa, homa hatari za virusi, hesabu ni siku 21 tangu kuondoka kule. Pima joto asubuhi na jioni, andika. Likipanda, usipande daladala wala usikae kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Jitenge chumbani, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na useme ulikotoka kabla ya kusema kinachokuuma. Marburg ilipoibuka Kagera mwaka 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Kunyamaza kwa kuogopa kutengwa kunawaweka hatarini wenzako wa zamu.

Sindano iliyokuchoma kule nayo inarudi nawe. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28 bila kuruka. Safari ya kurudi ikiangukia katikati, zibebe kwenye begi la mkononi. Pima VVU tena wiki ya 6 na mwezi wa 3. Homa ya ini B ina chanjo tatu, ya pili mwezi mmoja na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kama uliondoka na mbili, malizia ya tatu. Homa ya ini C haina chanjo, ni kupima tu.

Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda: peleka makohozi. Upimaji wa kifua kikuu ni bure vituo vya serikali.

Uliogelea Ziwa Malawi? Subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime kichocho. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui minyoo michanga, hivyo kuimeza mapema hakumalizi kazi.

Kuhusu usingizi, usikubali zamu ya usiku wiki ya kwanza. Kuona watoto wakifa kwa kukosa oksijeni, kisha kurudi kwenye wodi yenye oksijeni ukutani, humchosha mtu kuliko anavyokiri. Ndoto mbaya au woga vikipita mwezi, nenda kwa wataalamu wa afya ya akili, Muhimbili wapo.

Andika yote kwenye karatasi moja: nchi, wodi, tarehe ya kuondoka, dawa ulizomeza, sindano iliyokuchoma, maji uliyoogelea. Mpe mtu wa nyumbani picha yake kwenye simu, kwa sababu malaria ikishapanda kichwani hutaweza kujieleza mwenyewe.