Kilichonivutia kwenye PlayStation 5

Nimecheza gemu tangu enzi ambazo vibanda vya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, vilikuwa na PlayStation ya kwanza, ile iliyotoka Japani mwaka 1994, nasi tukilipia kwa mechi huku wenzetu wakisubiri zamu nyuma ya benchi. Picha nzuri pekee hazinishtui tena, kwa sababu kila kizazi cha mashine hizi kimekuja na picha nzuri kuliko kilichotangulia. PlayStation 5, iliyoingia sokoni Novemba 2020, imeniteka kwa jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba imekaribia kuondoa kusubiri.

Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hiyo, alieleza Machi 2020 kwamba PlayStation 4 ilihitaji takriban sekunde 20 kupakia gigabaiti moja ya data ya gemu kutoka kwenye diski yake ngumu, ilhali lengo la PlayStation 5 lilikuwa kupakia gigabaiti 2 kwa muda wa karibu robo sekunde. Diski ngumu ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika kutafuta data kila ilipo, lakini PlayStation 5 inatumia SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Zile lifti za polepole na korido nyembamba tulizopitishwa katika gemu za zamani mara nyingi ziliwekwa ili kuficha upakiaji, na sasa watengenezaji hawalazimiki kuzitumia. Kwa sisi wa Kigoma, mji ulioishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kuufikia, kasi hiyo ina maana ya ziada: umeme ukirudi, unaingia uwanjani upesi, kabla haujabadili mawazo.

Padi yake, kile kidhibiti cha mkononi, nayo inastahili sifa. Katika Astro's Playroom, gemu inayokuja ndani ya mashine, mtetemo wa kutembea mchangani hutofautiana na ule wa kutembea juu ya barafu, na vitufe vya nyuma huwa vizito kidoleni pale gemu inapotaka uhisi nguvu unayoitumia.

Anayetaka kununua akiwa huku kwetu namshauri achague toleo lenye kisoma diski, ile sehemu ya kuingizia diski za gemu. Gemu kubwa za leo hufikia gigabaiti 100 au zaidi, na kuipakua moja kwa bando la simu ni kujitafutia umaskini, ingawa ni kweli kwamba hata gemu ya diski huhitaji masasisho ya intaneti mara kwa mara. Diski inaazimika, inauzika, na za PlayStation 4 karibu zote zinachezeka humo, ila za PlayStation 2 na 3 hazisomwi, jambo linalonisikitisha kwa kuwa huko ndiko ziliko gemu ninazozipenda zaidi. Toleo jembamba la mwaka 2023 lina kisoma diski kinachochomoleka, lakini ukikinunua peke yake utahitaji intaneti mara ya kwanza unapokiunganisha. Toleo la Pro la Novemba 2024, pamoja na nguvu zake zote za picha, linauzwa bila kisoma diski, na kwa sababu hiyo sijalitamani.