Bahari iliponitoa chumbani

Januari 2014 bahari ilinitoa chumbani. Nilikuwa nasoma Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya Wales, na bweni letu lilitazamana na maji. Tuliobaki likizo ile ni sisi tuliokosa nauli ya kurudi kwetu. Wakaja kutugongea milango: tokeni, mawimbi yanapanda. Mimi mtoto wa Tanga, bahari naijua, lakini ile ilikuwa ikichota kokoto na kuzivurumisha barabarani kama ina kisasi na mtu.

Mama mmoja mtu mzima, niliyezoea kumbebea mifuko yake ya dukani, akanipokea kwake mlimani. Akanipa chai, akaniweka karibu na moto, akawasha televisheni. BBC walikuwa wakionyesha Hinterland, tamthilia ya upelelezi iliyopigwa pale pale mjini. Yeye alishaiona Oktoba kupitia S4C, televisheni ya Kiwelshi, lugha ya kwao Wales, ikiitwa Y Gwyll.

"Usidhani wamebandika sauti," akaniambia. "Wameigiza mara mbili. Kiwelshi mara moja, Kiingereza mara moja, waigizaji wale wale."

Mpelelezi mkuu, Mathias, ni Richard Harrington. Mama alimzungumzia kama mtoto wa jirani: kazaliwa 1975 Merthyr Tydfil, mji wa chuma na makaa ya mawe ambako mitaani kinatamba Kiingereza, kisha akasomeshwa Rhydfelen, shule iliyofundisha kwa Kiwelshi. Waingereza walikwisha kumwona katika kazi za kwao, mathalani akiwa daktari Woodcourt kwenye tamthilia ya Bleak House ya 2005.

Mama alikuwa ameirekodi ile ya Kiwelshi. Akaiweka. Sikuelewa neno hata moja, na bado nilimwamini Mathias zaidi. Kwa Kiingereza alikuwa askari hodari. Kwa Kiwelshi hata kunyamaza kwake kulikuwa na kwao. Huenda ni macho yangu tu.

Nikamsimulia kibao. Sekondari niliyosoma, ukiteleza ukasema Kiswahili unavishwa shingoni kipande cha mbao, unatembea nacho hadi umnase mwenzako umpachike. Atakayekutwa nacho jioni, fimbo zake. Nilikivaa siku nzima kwa sababu ya neno "samahani", nililomwambia mtoto niliyemkanyaga.

Mama akaweka kikombe chini. Akasema katika karne ya 19 watoto wa Kiwelshi walivishwa kibao hicho hicho, kimechongwa herufi WN, yaani Welsh Not, hakuna Kiwelshi, kikapita shingo hadi shingo vivyo hivyo, na wa mwisho akachapwa.

"Sema tena hilo neno lako," akasema.

"Samahani."

Akalijaribu. Mara ya tatu likatoka sawasawa, ila h aliikoroma kwa koo kama Mwarabu.

Niliporudi bwenini, kokoto zilikuwa zimejaa hadi ngazini.