Helsingør, mji uliojengwa na ushuru

Treni ya kwenda Helsingør kutoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, hufuata pwani kwa dakika 45 hivi, bahari ikichungulia mkono wa kulia, na reli inaishia karibu kabisa na gati la feri. Ng'ambo ya pili ni Sweden. Mlango wa bahari hapa si mpana, kama kilomita 4 tu, na feri huvuka kwa dakika 20.

Wageni wengi huja kwa sababu ya tamthilia ya Hamlet, maana Shakespeare aliuweka mkasa wake hapa, katika ngome ya Kronborg. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Kilichonivuta ni ushuru.

Mwaka 1429 Mfalme Erik wa Pomerania alianza kuzitoza meli za kigeni zilizopita hapa. Njia nyingine za kuingia bahari ya Baltiki zipo, lakini nazo zilikuwa mikononi mwa Denmark. Mwanzoni kila meli ilitozwa kiasi kilekile, baadaye hesabu ikafuata thamani ya shehena, na hapo ndipo ujanja huanzia. Nahodha alitaja bei mwenyewe. Lakini mfalme alikuwa na haki ya kuinunua shehena yote kwa bei hiyohiyo. Ukishusha bei, unaweza kumuuzia mfalme kwa hasara; ukipandisha, unaumia kwenye ushuru. Nilicheka peke yangu. Miaka yote nabishana juu ya ankara, kumbe dawa ilikuwepo zamani!

Fedha hizo ndizo zilizomwezesha Frederik II kuijenga upya Kronborg, 1574 hadi 1585. Mapaa yake ya shaba yamegeuka kijani, na juu ya boma mizinga bado imeelekezwa majini.

Ushuru huo uliisha 1857: Marekani ilikuwa imekataa kuendelea kulipa, na mataifa yenye meli yakaifidia Denmark kwa mkupuo mmoja. Mji ukageukia kiwanda cha meli, 1882, nacho kikafungwa 1983. Chelezo chake cha zamani sasa ni makumbusho ya bahari, yaliyochimbiwa chini ya ardhi yasiizibe ngome.

Daftari za ushuru, za tangu 1497, zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa, zikiwa na safari za meli zaidi ya milioni 1.8: nahodha, bandari alikotoka, alichobeba, alicholipa. Wanahistoria huzitumia kufuatilia biashara ya nafaka na mbao. Mimi ningezipekua nione ni manahodha wangapi walioshusha bei, mfalme akainunua shehena yao.