Waliokatiziwa Katuni: Krismasi Yangu San Pablo

Aliyewahi kufanya kazi Ghuba hahitaji kuelezwa Wafilipino ni watu gani. Katika jiko la hoteli niliyokuwako Muscat tulikuwa Waswahili wachache, Wahindi kiasi, na Wafilipino tele, na Septemba ikiingia tu wao washaanza nyimbo za Krismasi. Septemba, jua la Oman bado linatoboa utosi! Mmoja wao, mtu wa San Pablo katika jimbo la Laguna, alinizidi umri kwa mbali. Kwao mkubwa hatajwi jina kavu, kwa hiyo nami nikamwita Kuya, kaka, kama walivyomwita vijana wa nchi yake.

Kuya zamu ikiisha hakuwa na habari nyingine ila utoto wake. Mimi Ufilipino niliyoijua ni ya tamthilia zilizokuwa zikioneshwa kwetu usiku: binti maskini, mama tajiri mwenye roho mbaya, kofi, machozi, hospitali. Pale Tanga saa yake ikifika, hata muuza chipsi alikuwa hamsikilizi mteja. Nilipomsimulia, Kuya alicheka mpaka akashika ubavu. "Hizo za juzi hizo. Njoo nikuoneshe za zamani." Alipopata likizo ya Desemba, nami nikaomba yangu.

Manila ya Desemba ni foleni. Sitaieleza zaidi ya hapo, maana aliyekwama Ubungo au Barabara ya Mombasa anaijua. Kuya alikataa teksi. Alitaka tuanze na jeepney, lile gari refu lenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambalo chanzo chake ni jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya Vita vya Pili. Mafundi wa Manila walizirefusha, wakazitia paa na rangi. Karakana iliyopata sifa kuliko zote ni ya Sarao, iliyoanza mwaka 1953 huko Las Piñas.

Kilichonishinda kuamini ni nauli. Konda hakuna. Aliyekaa nyuma kabisa anasema "bayad po", yaani malipo hayo kwa heshima, hela inapita mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia hiyohiyo bila kupungua. Dereva ana noti amezibana katikati ya vidole, usukani kwa mkono mmoja, na bado anakumbuka nani kashuka wapi. Nilijaribu kuwaza mpango huo kwenye daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, nikaacha kuwaza.

Ubavuni mwa jeepney moja iliyochakaa palikuwa na maandishi "Katas ng Saudi". Kuya akanieleza kwamba mwenye gari anatangaza kwamba limekamuliwa kutoka mshahara wa Saudia. Miaka ya themanini maandishi hayo yalikuwa kila mahali, kwenye magari na hata kwenye nyumba. Sasa jeepney zenyewe zinahesabiwa siku: tangu 2017 serikali inazisukuma ziondoke zije basi ndogo za kisasa, na madereva wamegoma mara kadhaa kwa sababu gari jipya bei yake si ya mtu wa kawaida. Nilipomuuliza dereva wetu anaonaje, Kuya akitafsiri, akajibu kwamba deni la gari jipya angelirithisha wajukuu.

Tulishuka Quiapo, mimi nitafute msikiti. Watu wengi hawajui kwamba hatua chache kutoka kanisa kubwa la Quiapo, lenye sanamu ya Yesu mweusi inayovuta mamilioni kila Januari, kuna Msikiti wa Dhahabu. Ulijengwa 1976 kwa amri ya Imelda Marcos, mke wa rais wa wakati ule, ukisubiri ziara ya Gaddafi ambayo haikutokea. Mgeni hakuja, msikiti ukabaki na wenyewe, na pembeni yake nikapata chakula cha halali ambacho sikuwa na haja ya kukihoji. Baadaye Kuya alinipitisha Avenida, mtaa uliokuwa na majumba ya sinema yaliyopangana, tiketi moja filamu mbili. Mengi yamefungwa. Alikuwa akiyataja moja moja, na mimi naona vibanda vya vifuniko vya simu.

Basi la kwenda San Pablo halina la kusimulia ila wachuuzi. Wanapanda na karanga, maji, na pai za dafu za Los Baños kwenye maboksi, wanashuka mbele, wanapanda wengine. Kisha minazi ikaanza. Minazi mpaka macho yakachoka, na mimi mtu wa Tanga nikanyamaza kidogo.

Nyumbani kwao alikuwako mama yake, Nanay, mwenye miaka karibu themanini. Ate, dada mkubwa, na mumewe. Na watoto wasiohesabika. Sebuleni ukutani palikuwa na kijiko na uma wa mbao, vyote vikubwa kuliko mkono wangu, na picha ya Karamu ya Mwisho. Kuya aliniambia nyumba nyingi za rika lake zilikuwa hivyo. Sakafu ilikuwa ya mbao inayong'aa, na siri ya mng'aro ilikuwa nyuma ya mlango: kumbi la nazi lililokatwa nusu, wanaliita bunot. Unapaka nta, unaweka mguu mmoja juu ya kumbi, unasugua sakafu kwa kwenda mbele na kurudi nyuma huku mikono umeshika kiuno. Kila mtoto wa enzi zao kaifanya kazi hii kila Jumamosi na kila mmoja anadai aliichukia. Ate akachukua kumbi anioneshe, akazunguka sebule nzima mara mbili bila kuombwa na mtu. Sikuona chuki yoyote.

Hapo ndipo simulizi zilipofunguka, na ndipo nilipogundua kwamba hawa watu hawakumbuki zamani kwa pamoja. Wanabishana.

Chukua Voltes V. Ni katuni ya Kijapani ya roboti kubwa inayoungana kutoka vyombo vitano. Ilianza kuoneshwa Ufilipino mwaka 1978, na Ijumaa jioni mitaa ilikuwa haina watoto. Wasiokuwa na runinga walichungulia dirishani kwa jirani, na jirani mwenye tamaa alitoza sentimo kadhaa. Agosti 1979, vikiwa vimebaki vipindi vichache tu hadithi iishe, Rais Ferdinand Marcos akaipiga marufuku pamoja na katuni za aina yake, kwa hoja kwamba zina fujo zisizofaa watoto. Kuya alikuwa na miaka tisa. "Miaka tisa," akarudia, "na sijui kama baba wa wale mashujaa ameokolewa!" Kwa rika lile, hiyo ndiyo siasa ya kwanza waliyoielewa. Wengi hadi leo wanaamini iliondolewa kwa sababu ilihusu watumwa wanaoasi mfalme. Mume wa Ate hakubali: anasema wazazi kweli walilalamika, yeye mwenyewe aliruka kutoka kwenye paa la banda la nguruwe akijiona roboti.

Ubishi ukahamia kwa Marcos mwenyewe. Ate anakumbuka barabara safi, wafagiaji wa Metro Aide, na mkate wa Nutribun uliogawiwa shuleni, mzito kiasi cha kumpigia mtu. Nanay anakumbuka amri ya kutotoka usiku, saa sita mpaka saa kumi alfajiri, baada ya sheria ya kijeshi ya 1972, na shemeji yake aliyekamatwa akitoka kwenye harusi akalazwa kituoni, asubuhi akang'oleshwa majani. Stesheni za runinga zilifungwa, magazeti yakafungwa. Ate akasema, "Lakini kulikuwa na utulivu." Nanay akajibu bila kuinua macho kwenye kitunguu alichokuwa akimenya: "Kulikuwa na ukimya." Hakuna aliyeongeza neno, sufuria ikaendelea. Mimi mgeni sina kura, ila niseme nilimwelewa Nanay zaidi. Mkate wa bure haumrudishi mtu aliyechukuliwa.

Palipokuwa hapana ubishi ni kwa Nora Aunor, maana Nanay haruhusu. Nora alikuwa binti maskini wa Iriga aliyewauzia abiria wa treni maji ya kunywa, akashinda shindano la kuimba la Tawag ng Tanghalan mwaka 1967, akawa nyota mkubwa kuliko wote katika nchi ambayo sinema zake zilipenda nyuso nyeupe. Yeye alikuwa mfupi na ngozi yake ya kahawia. "Alifanana na sisi," Nanay akasema, na nadhani hapo ndipo penyewe. Mpinzani wake alikuwa Vilma Santos, na mashabiki wa pande mbili walikuwa hawapikiani chai. Nanay alikodi magazeti ya komiks, hadithi za picha, kwenye duka la mtaani, yanatundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, unalipa unasoma palepale kwenye benchi unarudisha. Mchana alikuwa akipiga pasi ya mkaa na mchezo wa redio umefunguliwa, na pasi ikikwama anaipitisha juu ya jani la mgomba iteleze. Aliniuliza kama sisi tuliijua pasi ya mkaa. Nikamwambia, Nanay, bibi yangu anayo mpaka leo. Akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi.

Jioni watoto walileta sungka, ubao wenye vishimo saba kila upande na viwili vikubwa kwenye ncha, na kete zake ni simbi za pwani. Mimi nimekulia barazani kwenye bao la mashimo thelathini na mbili na kete sitini na nne, nikakaa kwa majivuno. Mtoto wa Ate mwenye miaka kumi na moja alinifunga, akanifunga tena, na sheria alikuwa akinieleza baada ya kunifunga.

Kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba wanaamka kabla ya alfajiri kwenda misa, siku tisa mfululizo. Mimi nilikuwa naswali nyumbani, kisha nawafuata na kuwasubiri nje, na nawashauri wageni wote wafanye hivyo, kwa sababu nje ndiko kuliko na bibingka. Ni mkate wa unga wa mchele unaopikwa juu ya jani la mgomba, makaa chini na makaa juu, kama mkate wetu wa kumimina. Juu wanaweka jibini na yai la bata lililotiwa chumvi. Taa za nyota zilining'inia barabara nzima.

Basi usiku mmoja Kuya akatoa kanda. Tatay, baba yao, alikuwa fundi chuma. Sheria ya kazi ya 1974 ndiyo iliyofungua mlango wa serikali kupeleka wafanyakazi nje, na fedha za mafuta zilikuwa zimeigeuza Saudia kuwa uwanja wa ujenzi. Akaenda Dammam. Simu ilikuwa ghali na nyumbani hawakuwa nayo, barua zilichelewa, basi wafanyakazi wakawa wanajirekodi kwenye kaseti na kumpa mwenzao anayerudi likizo. Familia inaketi kuzunguka redio kaseti, inasikiliza, inalia. Kisha, kwa kuwa kaseti ni hela, inarekodi majibu juu ya sauti ileile na kuirudisha. Kwa namna hiyo walifuta karibu kila neno ambalo baba yao aliwahi kuwatumia. Imebaki moja, iliyoandikwa 1981 kwa kalamu, kwa sababu yeye mwenyewe alifika kabla hawajaijibu.

Sauti ilikuwa ya mtu mpole anayekohoa. Kuya alinitafsiria: kuna joto, mchanga unaingia kwenye mchele, je, Ate bado anaogopa mbwa wa jirani, hela ya paa itakuja mwezi ujao, na mimi nalala vizuri, msiwe na wasiwasi. Nyuma ya sauti yake palikuwa na kelele ambayo wao wameizoea, wanaiita tu sauti ya Saudia. Nikawaomba warudishe nyuma. Wakarudisha. Ilikuwa adhana, kwa mbali, na katikati yake nikasikia wazi "asswalatu khairun minan-naum".

Nikawaambia: hii ni adhana ya alfajiri. Maneno hayo husomwa alfajiri tu, kumwambia mtu kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Tatay alikuwa anarekodi gizani, kabla hata jua halijatoka.

Nanay akaweka kikombe chini. "Kumbe alikuwa halali!" akafoka, amekasirika kwelikweli, na mtu mwenyewe yuko kaburini miaka mingi. "Anasema analala vizuri! Mwongo mkubwa!" Ate akaanza kucheka, Nanay akamkemea, kisha naye akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga niliyomletea.

Baada ya hapo hapakulalika. Kila mmoja alitaka nisikilize tena, pengine kuna kingine wasichokijua: gari gani lile, mlango ule umefungwa na nani. Ate akapanda darini kutafuta kanda zaidi. Akashuka na boksi la santuri za disko za bendi ya VST & Co., vumbi tupu, na kanda moja ya video ya Betamax isiyo na maandishi. Kuya akaapa ni ya kipaimara chake. Mume wa Ate akaapa ni fainali ya mpira wa kikapu, Crispa na Toyota, aliyoirekodi mwenyewe. Nanay akasema ni Nora, hana shaka. Saa nane za usiku wakawa wanapigia majirani simu kuuliza nani bado ana mashine ya Betamax inayofanya kazi.